Kuchagua kozi ya mitandao ya kompyuta: mwongozo kamili kwa anayetafuta kazi

"Kozi gani ya mitandao ni nzuri?" Swali hili huulizwa kila siku, na majibu yake huwa orodha ya majina ya vyuo na wakufunzi. Lakini aliyeuliza hajasema anataka kazi ipi, anajua nini tayari, wala ana saa ngapi za kusoma kwa wiki. Bila hayo hakuna awezaye kumjibu ipasavyo, na anayekimbilia kumjibu mara nyingi ana kozi ya kuuza.

Niuweke msimamo wangu wazi tangu hapa. Kozi ya mitandao ipimwe kwa saa ambazo mikono yako itakuwa kwenye swichi na ruta, vifaa vinavyounganisha kompyuta na mitandao, na hasa kwa saa utakazotumia kutafuta hitilafu ambayo hukuambiwa iko wapi. Jina la chuo, uzuri wa ukumbi na unene wa kitini vinafuata nyuma. Mtandao ukikatika saa nane usiku, mwajiri anahitaji mtu anayejua aanzie wapi kutafuta, na ujuzi huo haupatikani kwa kutazama slaidi. Hatua zote zinazofuata zinalenga hapo.

Hatua ya 1: Jua kazi unayoitaka

Chini ya jina "kazi ya mitandao" kuna kazi ambazo hazifanani. Yupo fundi anayevuta kebo, kufunga makabati ya swichi na kuweka vituo vya Wi-Fi darini. Yupo anayekaa kwenye kituo cha uangalizi wa mitandao, wenyewe wanakiita NOC, akifanya kazi kwa zamu mchana na usiku: anapokea tahadhari, anaamua ipi aimalize mwenyewe na ipi aipandishe kwa mhandisi. Yupo msimamizi wa mtandao wa shirika, ambaye leo anafungua poti, yaani mlango wa mawasiliano, kwenye faiawoli inayolinda mtandao na kesho anamsaidia mhasibu ambaye printa yake haionekani. Yupo mhandisi wa kampuni ya huduma ya intaneti, ambaye mkate wake ni BGP na MPLS, mbinu za kupitisha data kwenye mitandao mikubwa. Kisha wapo wa usalama, wa huduma za wingu, na wale wanaoandika programu za kusanidi, yaani kuwekea mipangilio, mamia ya vifaa kwa mpigo.

Fanya hivi. Kusanya matangazo ya kazi kama 20 ya pale unapotaka kufanya kazi, hata yale ambayo bado huna sifa zake. Tengeneza jedwali lenye safu tatu: vifaa vilivyotajwa, vyeti vilivyotajwa, na vitenzi. Safu ya vitenzi ndiyo yenye siri. Tangazo likisema "kusanifu" linamtafuta mtu mwenye miaka kazini. Likisema "kufuatilia, kuripoti, kufunga, kusanidi" linakuhusu wewe unayeanza. Angalia pia jina la kampuni ya vifaa linalojirudia: Cisco, Juniper, Huawei, MikroTik, Fortinet. Misingi ya mitandao ni ileile kwenye vifaa vyote, lakini amri za kusanidi zinatofautiana, na mwajiri anafurahi akisikia umeshika kifaa anachokitumia.

Kazi hii ni ya jioni mbili tatu, na wengi wanairuka. Usiiruke.

Hatua ya 2: Jipime bila kujionea huruma

Kaa na karatasi na ujibu haya. Unaweza kugeuza namba 192 kuwa ya jozi, yaani sifuri na moja? Unajua kuitafuta anwani ya IP ya kompyuta yako na kueleza kazi ya barakoa ya mtandao (subnet mask) na geti (gateway)? Ukiandika anwani ya tovuti, unaweza kusimulia kinachotokea hadi ukurasa ufunguke: DNS inaulizwaje, pakiti (kipande cha data) inapitia wapi, nani anaijibu? Umewahi kutumia ping na traceroute na kuelewa matokeo yake?

Ukishindwa yote, unahitaji kozi ya misingi, na hakuna aibu katika hilo. Ukijibu nusu, unaweza kuingia moja kwa moja kwenye kozi ya cheti cha ngazi ya kwanza. Neno moja kwa wanaotamani usalama wa mitandao tangu siku ya kwanza: huwezi kuulinda mtandao usioweza kuuchora. Soma mitandao kwanza. Usalama utaukuta mbele, na utausoma kwa urahisi kuliko aliyeanzia huko.

Hatua ya 3: Chagua cheti kitakachokuwa shabaha yako

Kozi isiyolenga mtihani unaotambulika haina kipimo cha nje, kwa hiyo ni vigumu kujua kama imekufikisha mahali. Kwa anayeanza, vyeti vinavyotajwa zaidi ni hivi.

CompTIA Network+ hakifungwi na kampuni yoyote ya vifaa. Mtihani wake una maswali yasiyozidi 90 kwa dakika 90, na alama ya kufaulu ni 720 kwenye kipimo cha 100 hadi 900. Unakupa picha pana: kebo, Wi-Fi, itifaki (kanuni za mawasiliano ya vifaa), usalama, utaratibu wa kutafuta hitilafu. Udhaifu wake ni kwamba unaweza kuufaulu bila kuwa hodari wa kusanidi kifaa chochote.

CCNA ya Cisco ina mtihani mmoja, 200-301, wa dakika 120. Hakuna sharti la kuwa na cheti kingine kabla yake. Huu unadai ujue kusanidi na kuhakiki, na ndani yake zimo VLAN (kugawa swichi katika mitandao midogo), OSPF (itifaki ya ruta kujulishana njia), IPv6 (toleo jipya la anwani za IP), orodha za ruhusa (kanuni za kupitisha au kuzuia pakiti) na kidogo cha otomatiki (kusanidi vifaa kwa programu).

Vyeti vya makampuni mengine vya ngazi hiyo ni JNCIA-Junos cha Juniper, HCIA-Datacom cha Huawei na MTCNA cha MikroTik. Hiki cha mwisho kina tabia yake: mtihani unafanywa mwishoni mwa mafunzo ya mkufunzi anayetambuliwa na MikroTik, kwa hiyo ukikitaka, kuchagua kozi na kuchagua mtihani ni jambo moja.

Maoni yangu: kama umezoea kompyuta na una miezi kadhaa ya kusoma kwa utulivu, nenda CCNA hata kama waajiri wa kwenu hawatumii Cisco peke yake. Anayeweza kusanidi OSPF kwenye ruta ya Cisco atajifunza kufanya hivyo kwenye Juniper au Huawei kwa muda mfupi, kwa sababu itifaki ni ileile. Network+ ninawashauri wanaotoka kwenye fani isiyo ya kompyuta kabisa, na wale ambao jedwali la hatua ya 1 limewaonyesha kwamba waajiri wanakiomba kwa jina. Jedwali lako lina uzito kuliko maoni yangu.

Hatua ya 4: Usome mtaala mstari kwa mstari

Wenye mitihani wanatoa bure orodha rasmi ya mada. Ipakue, iweke kando ya mtaala wa kozi, na ulinganishe. Kwa CCNA, mada zimegawanywa hivi: misingi ya mitandao asilimia 20, ufikiaji wa mtandao 20, muunganiko wa IP 25, huduma za IP 10, misingi ya usalama 15, otomatiki 10. Kozi inayotumia wiki tatu kwenye historia ya intaneti na siku mbili kwenye uelekezaji wa pakiti imekwisha kujieleza.

Angalia toleo. Hiki ni kipimo cha haraka kuliko vyote. Tarehe 24 Februari 2020 ilianza CCNA mpya ya mtihani 200-301. Zile za zamani zilizogawanyika kwa fani zilifungwa. Chuo kinachotangaza maandalizi ya mtihani wa "CCNA Routing and Switching" kimeacha kuugusa mtaala wake kwa miaka. Mwaka 2024 mada za 200-301 ziliongezewa mambo, ikiwemo akili bandia katika uendeshaji wa mitandao. Kwa Network+, toleo la N10-009 lilitoka Juni 2024 na kuchukua nafasi ya N10-008. Muulize mkufunzi anafundisha toleo lipi. Akisita, umepata jibu.

Kisha hesabu saa. Cisco Networking Academy, mpango wa mafunzo ulioanza mwaka 1997, unaigawa CCNA katika kozi tatu za takriban saa 70 kila moja. Hiyo ni kama saa 210. Sasa chukua kozi ya siku 5, saa 8 kwa siku: ni saa 40. Haiwezekani zikawa kitu kimoja. Kozi ya siku tano inamfaa mtu aliye kazini tayari anayetaka kupanga upya anachokijua kabla ya mtihani. Kwa anayeanza ni mafuriko. Atatoka na kitini kizuri na kichwa kilichochoka.

Hatua ya 5: Ichunguze maabara kuliko kitu kingine chochote

Hapa ndipo penye uamuzi, kwa hiyo tukae kidogo.

Swali la kwanza ni vifaa. Kuna njia tatu, na kozi nzuri inazichanganya. Ya kwanza ni Packet Tracer, programu ya bure ya Cisco inayoigiza mtandao kwenye kompyuta yako. Inatosha kwa sehemu kubwa ya CCNA, ingawa si amri zote zimo ndani yake. Ya pili ni GNS3 au EVE-NG, zinazoendesha mifumo halisi ya vifaa ndani ya kompyuta. Zinakaribia uhalisia zaidi, ila zinakula kumbukumbu. Laptopu yenye RAM ya gigabaiti 16 itakupa nafasi ya kupumua. Ya tatu ni vifaa vyenyewe. Kuna mambo ambayo programu haikufundishi: kuchomeka kebo ya konsoli, ile ya kukiamuru kifaa moja kwa moja, na kukuta skrini imejaa herufi za ajabu kwa sababu kasi uliyoweka haiendani na ya kifaa, kurejesha nywila iliyosahaulika, kebo iliyoliwa na panya inayopitisha data mara moja na kukataa mara mbili.

Muulize mwenye chuo: wanafunzi wangapi kwa kila seti ya vifaa? Wakiwa sita, mmoja ataandika na watano watatazama. Je, naweza kuitumia maabara nje ya saa za darasa, au kuingia kwa mbali kutoka nyumbani? Vifaa ni vya mfumo unaofundishwa, au ni swichi zilizokaa stoo tangu zamani?

Swali la pili, ambalo ndilo kubwa, ni aina ya mazoezi. Mazoezi mengi ni ya kunakili: andika amri hizi kumi, mtandao utafanya kazi. Yana nafasi yake mwanzoni. Lakini kozi yenye mazoezi hayo peke yake inafundisha kuchapa. Unachotaka ni mazoezi ya hitilafu: unakabidhiwa mtandao ulioharibiwa na mkufunzi, na unaambiwa tu kile ambacho mtumiaji angesema, "siwezi kufungua faili."

Tuchukue mfano. Kompyuta iliyo VLAN 10 haifikii seva iliyo VLAN 20. Tatizo linaweza kuwa kebo. Linaweza kuwa poti (tundu la kebo kwenye swichi) iliyozimwa, poti iliyowekwa VLAN isiyo yake, kiungo kati ya swichi mbili kisichoruhusu VLAN 20 kupita, geti (njia ya kutokea nje ya mtandao wake) lililoandikwa vibaya, au orodha ya ruhusa kwenye ruta inayokataza. Mwanafunzi aliyefundishwa vizuri habahatishi. Anaanzia chini kwenye taa ya poti na kupanda, au anaanzia katikati kwa ping, ujumbe wa kupima kama kifaa kinajibu, kwenda kwenye geti na kuikata nusu ya uwezekano kwa amri moja.

Zipo hitilafu za werevu zaidi. Kompyuta yenye anwani 192.168.10.20 imepewa barakoa, namba inayoonyesha mtandao unaishia wapi, ya /25 badala ya /24. Kwa barakoa hiyo inaamini mtandao wake unaishia kwenye .127, kwa hiyo ikitaka kuzungumza na jirani yake aliye 192.168.10.200 inampelekea geti badala ya kumtafuta moja kwa moja. Geti likikubali kuipokea na kuirudisha, mambo yanaenda kwa mzunguko na hakuna anayegundua. Likikataa, kompyuta hiyo inawafikia baadhi ya majirani na kuwakosa wengine. Au poti mbili ambazo upande mmoja unatuma na kupokea kwa wakati mmoja na mwingine kwa zamu: ping inajibu, taa inawaka, lakini kunakili faili kubwa kunatambaa. Anayekutana na mambo haya darasani hatatetemeka akiyakuta kazini.

Tazama pia kama Wireshark imo kwenye kozi. Programu hii ya bure ya kunasa na kusoma pakiti, iliyoanza mwaka 1998 kwa jina la Ethereal, inageuza nadharia kuwa kitu cha kuonekana. Mwanafunzi anaweza kuambiwa mara mia kwamba DHCP, itifaki inayogawa anwani za IP, inakwenda kwa jumbe nne. Akiziona kwa macho yake zikipita moja baada ya nyingine, hazisahau.

Kwa hiyo, ukitembelea chuo au kuzungumza na mwenye kozi ya mtandaoni, omba jambo moja: "Naomba unionyeshe zoezi moja la hitilafu mnalowapa wanafunzi." Anayefundisha hivyo atakuonyesha kwa furaha.

Hatua ya 6: Msikilize mkufunzi kabla ya kulipa

Omba kuhudhuria kipindi kimoja, au kutazama somo zima kama ni kozi ya video. Usitosheke na dakika mbili za matangazo. Vyeti vya mkufunzi vina maana, lakini nina imani zaidi na mtu aliyewahi kuamshwa usiku kwa sababu ya mtandao.

Mtupie swali hili kwa heshima: "Mwalimu, kwa nini tukiunganisha swichi mbili kwa kebo mbili bila STP mtandao unaweza kuanguka?" Mwalimu anayeelewa atakueleza kwamba kebo hizo mbili zinafanya mzunguko, na fremu ya tangazo (ujumbe unaotumwa kwa vifaa vyote) ikiingia humo haina kitu cha kuisimamisha. Pakiti ya IP inabeba namba inayopungua kila inapopita kwenye ruta hadi ifike sifuri na itupwe. Fremu ya Ethernet haina namba hiyo, kwa hiyo inazunguka na kuongezeka mpaka swichi zinalemewa. Hahitaji kukueleza kwa maneno haya. Sikiliza tu kama anachora, anatoa sababu, na anakuuliza kama umeelewa, au anakuambia uandike tu kwamba STP inazuia mzunguko.

Kuhusu darasa la ana kwa ana, la moja kwa moja mtandaoni, au video za kujisomea: chagua linaloendana na nidhamu yako. Video zina gharama ndogo na unaweza kuzirudia, ila hazikusahihishi. Ukizichagua, tafuta mwenzako mmoja wa kuharibiana mitandao: yeye anaweka hitilafu kwenye faili ya Packet Tracer, wewe unaitafuta, kisha mnabadilishana.

Hatua ya 7: Chuja ahadi

"Kazi ya uhakika baada ya kozi." Omba uiandikiwe kwenye mkataba, pamoja na kitakachofanyika isipotimia.

"Utafaulu asilimia 100." Mara nyingi nyuma ya ahadi hii kuna maswali ya mtihani yaliyoibwa. Kaa mbali nayo kabisa. Kuyatumia ni kuvunja masharti uliyoyakubali ulipojisajili. Cheti kinaweza kufutwa na wewe kuzuiwa kufanya mitihani mingine. Na hata usipokamatwa, dakika kumi za usaili mbele ya ubao zitakuumbua.

"Utapata cheti." Cheti cha nani? Cha chuo kuthibitisha ulihudhuria, au cha mwenye mtihani? Vyote viwili ni halali, lakini havina uzito sawa. Uliza kama ada inajumuisha gharama ya mtihani wenyewe, ambao kwa CCNA na Network+ hufanywa kupitia Pearson VUE, kampuni ya kusimamia mitihani, kituoni au nyumbani chini ya usimamizi wa kamera. Chuo kikijiita mshirika wa Cisco, Huawei au mwingine, hakiki jina lake kwenye tovuti ya kampuni hiyo. Nembo ukutani mtu yeyote anaweza kuichapisha. Mwisho, soma masharti ya kurudishiwa fedha, na kama inawezekana lipa kwa awamu.

Hatua ya 8: Jaribu kabla ya kutoa fedha

Jisajili bure Cisco Networking Academy, pakua Packet Tracer, na ujipe wiki mbili. Jenga mtandao wa swichi mbili na ruta moja, wenye VLAN tatu, DHCP inayogawa anwani kwa kila moja, na kompyuta zote zikiweza kuwasiliana. Utakwama. Tazama unavyojisikia ukiwa umekwama: kama udadisi unakushika mpaka unasahau kula, endelea. Kama unachoka na kuchukia, afadhali umelijua sasa.

Katika wiki hizo anza pia kugawa mtandao katika sabneti, yaani mitandao midogo, kwa kichwa. Chukua 192.168.1.0/24, igawe mara nne: unapata sabneti za /26 zinazoanzia .0, .64, .128 na .192, kila moja ikiwa na anwani 64, na 62 kati yake zikitumika kwa vifaa. Fanya mifano kadhaa kila siku. Atakayeingia darasani akilijua hili ataufuata uelekezaji bila kukimbizwa.

Hatua ya 9: Ukishajiandikisha

Saa moja na nusu kila siku ina faida kuliko Jumamosi nzima, kwa sababu amri hukaa vidoleni kwa kurudiwa. Weka tarehe ya mtihani mapema, ukifika kama theluthi mbili ya kozi; tarehe isiyowekwa huahirishwa.

Hifadhi kila maabara unayoijenga: mchoro, usanidi, hitilafu uliyokutana nayo, ulivyoitafuta na ulivyoitatua. Ziweke kwenye Git, programu ya kuhifadhi matoleo ya faili, hata kama hujui kupanga programu. Kwa asiye na uzoefu wa kazi, jalada hilo ndilo uzoefu wake, na kwenye usaili linampa la kusema. Ukiwa hapo, jifunze lugha ya programu ya Python kidogo, ya kutosha kusoma usanidi wa vifaa vitano kwa amri moja.

Usikimbilie cheti cha pili. Pata kazi, hata ya NOC ya usiku au ya kuvuta kebo, na uiache ikuonyeshe upande wa kwenda. Atakayeona anapenda uelekezaji atachukua CCNP Enterprise, cheti cha Cisco cha ngazi ya juu zaidi, yenye mtihani wa msingi 350-401 na mmoja wa kuchagua. Aliyejikuta kwenye wingu ana mtihani wa AZ-700 wa Microsoft au wa mitandao ya kina wa AWS, huduma ya wingu ya Amazon. CCNA na Network+ zinaisha muda baada ya miaka mitatu, na kufaulu mtihani wa CCNP huihuisha CCNA yako. Kwa hiyo siku unapopokea matokeo ya CCNA, andika kwenye kalenda tarehe ya miaka miwili na nusu mbele: hiyo ndiyo siku ya kuanza kutafuta kozi inayofuata, kwa vipimo hivihivi.